Leeds Grand kwa ghorofa tatu: opera juu, muziki katikati, baleti chini

Nimerudi nyumbani wiki mbili zilizopita, na leo ndiyo nimepata utulivu wa kufungua daftari. Kurasa nyingine zililoa mvua ya Leeds hadi wino ukatawanyika, kwa hiyo mahali pengine nimejisaidia kwa risiti na picha za simu. Safari hiyo, kutoka London na kurudi, ilikuwa ya siku kumi na tatu, lakini msitarajie kila siku. Nilikwenda kwa ajili ya jengo moja, Leeds Grand Theatre, kaskazini mwa Uingereza, na hilo ndilo nitakalolisema zaidi.

Kwa nini Leeds na si London? London ina majumba mengi, ila opera, yaani hadithi inayoimbwa, ina kwake, baleti, hadithi inayochezwa kwa mwili bila maneno, ina kwake, na michezo ya muziki ina mitaa yake. Leeds Grand vyote vitatu hupishana kwenye jukwaa moja. Kampuni ya Opera North hapo ndipo kwao, kampuni ya Northern Ballet hucheza hapo, na michezo ya muziki inayozunguka nchi hutia nanga hapo kwa wiki nzima kisha ikang'oa. Nikapanga nione kimoja cha kila aina, na kila mara nikae ghorofa nyingine. Mimi ni mtu wa kusikiliza zaidi ya kutazama. Nimekulia kwenye taarab, utotoni nikisinzia mapajani mwa mama huku fidla zinalia, na tangu hapo nina swali moja kichwani: sauti ya mtu, isiyo na maiki, inafika wapi?

Siku ya 1, Ijumaa: King's Cross, London, hadi Leeds

Tiketi ya treni niliinunua wiki saba kabla, pauni 34. Kijana aliyekaa nyuma yangu alinunua asubuhi ile ile, akaniambia imemtoka zaidi ya pauni 100. Kwa kawaida mwendo ni kama saa mbili na robo, kupitia Peterborough, Doncaster na Wakefield. Yetu ilisimama kabla ya Doncaster, katikati ya mashamba, kwa hitilafu ya ishara za reli. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Chai ya behewa la chakula ikaisha.

Mbele yangu alikaa mzee mmoja mwenye chupa ya chai ya chuma. Alinimiminia kwenye kifuniko bila kuniuliza kama nataka, akakata mkate wake wa jibini vipande viwili. Alikuwa fundi wa reli zamani, sasa amestaafu, na alinieleza kwa subira jinsi ishara moja mbovu inavyoweza kuzuia treni kumi. Nilipomwambia ninakokwenda, macho yake yakachangamka. Mama yake alikuwa akimpeleka Grand kila Krismasi kuona mchezo wa watoto. "Kaa juu kabisa, katikati," akaniambia. "Sauti hupanda kama moshi." Nikaiandika palepale.

Jambo la kuzoea: watu wa Yorkshire humwita mtu yeyote mpenzi, awe dereva wa basi kwa abiria au mzee kwa kijana. Mara ya kwanza nilishtuka. Siku ya tatu nilikuwa nikilisubiri neno hilo kama salamu.

Tulichelewa dakika 50. Kwa atakayekwenda: usitupe tiketi yako. Treni ikichelewa nusu saa au zaidi unaweza kudai fidia kwa mtandao. Mimi nilijaza fomu usiku ule, na baada ya siku kumi nikarudishiwa nusu ya nauli, pauni 17.

Kutoka stesheni hadi Grand ni mwendo wa miguu wa dakika kumi na kitu. Unafuata Boar Lane, unaingia Briggate ambako magari hayaruhusiwi, unapanda moja kwa moja, unavuka The Headrow, na barabara inageuka jina kuwa New Briggate. Nilikuwa na sanduku na mvua ilikuwa inanyesha, lakini sikuweza kwenda chumbani kabla ya kuliona. Ni jengo refu la matofali, lenye matao na vilele vya mnara kama lilitaka kuwa kanisa na ngome kwa pamoja. Karibu nalo kuna kanisa la kweli, St John's, la mwaka 1634. Nilisimama chini ya paa la mlangoni huku maji yananitiririka shingoni, nikasoma matangazo yote ya msimu, moja baada ya jingine.

Chumba nilipanga Headingley, kwenye nyumba ya wageni ya vyumba vitano, pauni 46 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa. Basi kwenda mjini pauni 2.50. Huna haja ya kuhangaika na chenji, gusisha kadi tu.

Siku ya 2, Jumamosi: sokoni asubuhi, opera usiku

Asubuhi nilikwenda Kirkgate Market, soko kubwa lililoezekwa kwa chuma na vioo, ukumbi wake wa mbele ni wa 1904. Hapo ndipo mwaka 1884 mhamiaji aitwaye Michael Marks alifungua meza ya bidhaa za peni moja, na meza ile ndiyo ikaja kuwa Marks & Spencer. Nilikuwa kwenye safu ya samaki, nashangaa bei ya kibua, niliposikia nyuma yangu mtu anaongea na simu: "Nitapika samaki leo, usinunue nyama." Kiswahili! Niligeuka. Mama wa makamo, amevaa koti jekundu zito na kilemba cha kitenge.

"Shikamoo, mama."

Akakata simu. "Weee! Unatokea wapi, mwanangu?" Kisha akacheka. "Kwetu Bukavu tunasema jambo tu. Lakini shikamoo yako nimeipokea. Umekuja kufanya nini huku kwenye baridi?"

"Nimekuja kusikiliza opera, mama. Pale Grand, New Briggate."

Alinitazama kwa muda. "Ile nyumba? Mimi napita pale kila siku kwenda kupanda basi, mwaka wa tisa huu. Nilifikiri ni lazima uwe na kadi yao, uwe mwanachama."

Nilimwambia hakuna kadi. Ni kununua tiketi, tena mimi yangu ya usiku ule ilikuwa pauni 19. Akanikatia bei ya samaki kwa macho yake, yaani alimkodolea muuzaji mpaka nikapunguziwa pauni moja, ingawa sikuwa na pa kumpikia samaki huyo na ilibidi nimwachie yeye. Kisha akanipeleka kwenye vibanda vya chakula upande wa pili, akaninunulia chai na kukataa katakata nilipe. Tulibadilishana namba. Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu neno lake, kwamba alidhani ni lazima uwe mwanachama, nililibeba siku zote zilizobaki. Jengo lina mlango wazi mtaani, na mtu anapita miaka tisa akiamini mlango si wake.

Mchana nililizunguka jengo tena nikiwa na habari zake. Leeds ilikuwa na majumba mawili ya maonyesho yakateketea kwa moto, moja 1875 na lingine 1876. Mji wa viwanda vya nguo, wenye fedha, ukabaki hauna jukwaa la maana. Mbunifu George Corson, Mskoti aliyehamia Leeds, akishirikiana na msaidizi wake James Robinson Watson, akajenga hili, na pazia likafunguliwa tarehe 18 Novemba 1878 kwa mchezo wa Shakespeare, *Much Ado About Nothing*. Opera ilikuja kuweka makazi baadaye sana: kampuni ambayo leo ni Opera North ilianza kama tawi la opera ya taifa ya London na kutoa onyesho lake la kwanza hapa tarehe 15 Novemba 1978, *Samson et Dalila* ya Saint-Saëns. Hesabu mwenyewe: siku tatu pungufu ya miaka mia kamili ya jengo. Mwaka 1981 ikajitegemea.

Usiku sasa. Onyesho saa moja, mimi nilifika saa kumi na mbili na nusu. Usiogope mavazi. Nilivaa suti, nikakuta jirani zangu wamevaa sweta na viatu vya kutembelea mlimani. Hakuna aliyemwangalia mwenzake vibaya.

Ngazi za kwenda roshani ya juu kabisa ni nyingi na zinachosha, nawaambia ukweli. Ukitoka nazo unaingia kwenye mteremko mkali wa viti, magoti yanagusa kiti cha mbele, na chini kabisa kuna jukwaa dogo kama sanduku la vito. Umbo la ukumbi ni kama kwato ya farasi. Nguzo nyembamba zimefungamana kama matete, zinapanda na kufunguka juu kama mbavu za mwavuli. Viti ni kama 1,500, lakini ukiwa pale juu unajihisi karibu na wote.

Mhudumu wa kike aliona ninavyohangaika na namba ya kiti akaniongoza kwa tochi. Jirani yangu wa kushoto, bibi mwenye nywele nyeupe pepepe, alinipa darubini yake ndogo kabla hata taa hazijazimwa. "Mimi nimeshawaona sura," alisema, "mara nyingi nafumba macho."

Walicheza *La bohème* ya Puccini, kwa Kitaliano, na maandishi ya Kiingereza yakitokea juu ya jukwaa. Hadithi ni nyepesi kueleza: mshairi fukara chumbani kwake wakati wa baridi, mshumaa wa jirani umezimika, msichana fundi wa kudarizi anagonga mlango kuomba moto, ufunguo unaanguka gizani, mikono yao inakutana sakafuni. Mkono wake ni wa baridi. Yule mshairi anaanza kumwimbia kuhusu mkono huo.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Hakuna maiki. Okestra ya watu hamsini na zaidi iko shimoni mbele yake, na yeye ni mtu mmoja, kifua kimoja. Alianza chini, karibu kuongea, na nikasikia kila silabi kana kwamba ameketi safu ya nyuma yangu. Kisha sauti ikapanda, ikapita juu ya fidla bila kushindana nazo, ikatufikia sisi wa pauni 19 ikiwa nzima, na paa likairudisha kidogo, kama mtungi unavyorudisha sauti ukiusemea mdomoni. Yule mzee wa treni alisema kweli. Nilifumba macho kama bibi. Nilipoyafumbua, yeye alikuwa anafuta yake.

Kwenye taarab ningeinuka nikamtunze mwimbaji, na mikono yangu kwa kweli iliwasha. Hapa unakaa, unashikilia, na ukifika mwisho wa wimbo unapiga makofi pamoja na wengine. Nilijifunza kwamba ule utulivu nao ni namna ya kutunza. Watu 1,500 hawakohoi ili mmoja asikike.

Mapumziko ni ya dakika ishirini hivi. Waingereza hununua aiskrimu ya kikopo kidogo, yenye kijiko ndani ya kifuniko, hata nje kukiwa na barafu. Pauni 4. Vinywaji unaweza kuagiza kabla ya onyesho ukavikuta mezani. Fanya hivyo, maana foleni hula mapumziko yote. Na ukiwa kijana, uliza dirishani kuhusu punguzo la vijana kabla hujalipa bei kamili.

Kwenye ngazi za kushuka nilimrudishia bibi darubini. Aliniuliza kama nitarudi. Nikamwambia Jumatano, katikati, na wiki inayofuata chini. "Basi utanisimulia," alisema, ingawa hatukupeana namba wala jina.

Siku ya 3 hadi ya 5

Jumapili maduka hufunguliwa kwa kuchelewa na mji unapumua polepole. Nilikula nyama ya ng'ombe ya kuoka na Yorkshire pudding, ambayo si tamu hata kidogo: ni kama kibakuli cha unga wa ngano na mayai kilichoumuka tanurini, unakijaza mchuzi. Pauni 16, na sikuhitaji chakula cha usiku. Jumatatu mvua kutwa.

Jumanne nilikwenda mtoni Aire kuliona daraja la waenda kwa miguu lililofunguliwa 2023 kwa jina la David Oluwale. Alikuwa Mnigeria, aliingia Uingereza mwaka 1949 akijificha melini kutoka Lagos, akaishia kulala mitaani Leeds, akaandamwa na polisi, na mwaka 1969 mwili wake ukaopolewa kwenye mto huu. Maofisa wawili walishtakiwa na kufungwa kwa kumpiga, si kwa kifo chake. Nilikaa kwenye daraja kwa muda mrefu. Watu walipita na baiskeli, na mikoba ya ofisini. Nimeona niandike, kwa sababu ukienda Leeds kwa ajili ya muziki mzuri utapita karibu na hapo ukitoka stesheni, na ni dakika chache tu kusimama.

Siku ya 6, Jumatano: mchezo wa muziki, katikati

Kiti cha usiku huu kilikuwa ghali kuliko vyote, pauni 52, kwenye ghorofa ya kwanza juu ya viti vya chini. Nilifikiri hiki ndicho kitakuwa kilele.

Basi halikuja. Nililisubiri dakika thelathini na tano Headingley huku ubao wa kituo ukiendelea kuniahidi dakika mbili. Lilipokuja lilikwama kwenye foleni. Nilishuka nikakimbia sehemu ya mwisho, nikafika mlangoni saa moja na dakika arobaini, na onyesho lilikuwa limeanza saa moja na nusu. Sheria ya kumbi hizi ni moja: ukichelewa unasubiri nafasi inayofaa ndipo uingizwe. Nilikuwa karibu kulia. Mhudumu, kijana mwenye pete puani, aliniona ninavyohema, akaniletea glasi ya maji na kunisimamisha nyuma kabisa ya safu, palipo giza, ili nisikose zaidi. Makofi ya wimbo uliofuata yalipopigwa akanishika kiwiko na kunipeleka kitini akiwa ameinama. Kutoka Headingley au popote penye basi, jipe saa nzima ya ziada. Kahawa ya kusubiria ni rahisi kuliko kiti kitupu cha pauni 52.

Mchezo ulikuwa *Chicago*, muziki wa John Kander na maneno ya Fred Ebb, wa mwaka 1975. Toleo linalozunguka huiweka bendi jukwaani, kwenye ngazi, katikati ya wachezaji. Kwa hiyo lile shimo lililojaa fidla Jumamosi usiku huu halikuwa na mtu. Kila mwimbaji alikuwa na maiki ndogo, nyingine zimefichwa kwenye mstari wa nywele, na sauti ilitoka kwenye spika zilizotundikwa kando ya jukwaa.

Niseme nililolisikia. Tarumbeta zilikuwa moto. Miguu ya wale wachezaji, mabega yao, jinsi kofia moja inavyoinamishwa na watu kumi na wawili kwa nukta moja, sijawahi kuona. Wanawake wawili nyuma yangu waliimba kila wimbo kwa kunong'ona na hakuna aliyewakataza. Lakini nilipofumba macho sikujua nani anaimba. Mdomo uko kulia, sauti inatoka juu kushoto na juu kulia kwa pamoja, sawasawa kwa wote. Spika hazimjui aliyeketi juu wala chini. Kwa onyesho la aina hii, nadhani fedha ya kiti cha kati unalipia macho, na macho yanalipwa vizuri: kutoka pale unaona mistari yote ya dansi bila kichwa cha mtu mbele. Kwa sikio pekee ningebaki kule juu na kuokoa zaidi ya pauni 30.

Siku ya 7 hadi ya 11: Manchester

Binamu yangu anaishi Manchester, treni kama saa moja kwa kuvuka milima ya Pennine, pauni 23 kwenda na kurudi. Siku hizi ni za kifamilia na nyingi zilipita mezani. Ila Jumamosi nilimwomba anipeleke Peter Street. Pale kuna jengo la zamani la Theatre Royal, lenye sanamu ya Shakespeare kwenye uso wake, na ndani yake tarehe 22 Aprili 1897 ndipo *La bohème* ilipochezwa Uingereza kwa mara ya kwanza, kwa Kiingereza, na kampuni ya Carl Rosa. Ilikuwa imezaliwa Turin mwaka mmoja tu kabla. Kwa hiyo opera ile ilisikika huku kaskazini, kwenye miji ya pamba na sufu, kabla ya London. Jengo si jumba la maonyesho tena. Milango ilikuwa imefungwa. Binamu alinipiga picha nikiwa nimeweka kiganja ukutani.

Siku ya 12, Jumanne: baleti, chini

Nilirudi Leeds kwa treni ya asubuhi na kwenda moja kwa moja Quarry Hill, dakika kama tano kutoka sokoni, kwenye jengo ambalo Northern Ballet hufanyia mazoezi. Kampuni ilianzishwa Manchester mwaka 1969, ikahamia Leeds miaka ya tisini, na jengo hili ni la 2010. Wanakaa humo pamoja na Phoenix Dance Theatre, na hawa ndio niliotaka kuwapa heshima. Mwaka 1981 vijana watatu weusi wa mtaa wa Harehills, David Hamilton, Donald Edwards na Villmore James, walianzisha kundi lao la dansi. Leo kundi hilo linaishi chini ya paa moja na kampuni ya baleti. Nilisimama nje nikitazama watu wakiingia na mifuko ya mazoezi begani.

Sokoni nilimtafuta mama wa Bukavu kwa simu. Alikuja na mjukuu wake wa miaka tisa, na kabla hata hatujasalimiana vizuri akaninyooshea simu. Tiketi mbili. Baleti hiyo hiyo niliyokuwa naiona usiku ule, yeye ya Jumamosi mchana, roshani ya juu. "Nilienda dirishani mwenyewe," alisema. "Nikamwuliza yule msichana, kadi inahitajika? Akasema kadi ya benki tu, mama." Kisha akauliza kwa uzito: "Nimechagua vizuri? Huko juu tutaona?"

Nilimwambia nitamjibu kesho.

Kiti changu kilikuwa safu ya tatu, viti vya chini, pauni 41. *Romeo and Juliet*, muziki wa Prokofiev. Northern Ballet wana toleo lao tangu 1991, la Christopher Gable na Massimo Moricone. Okestra ilikuwa mita chache mbele yangu. Nilikuwa nimezoea kusikia kutoka mbali, na sikujiandaa. Ilipofika ngoma ya wakubwa kwenye karamu, ile yenye hatua nzito, besi na tromboni hazikuingia sikioni, ziliingia mbavuni. Mkono wa kiti ulitetemeka chini ya kiwiko changu.

Lakini kilichonigusa hakikuwa okestra. Kwenye tukio la roshani kuna nukta muziki unapungua hadi uzi. Hapo nikasikia viatu. Viatu vya ncha vina kichwa kigumu, na mcheza baleti akitua, hata akiwa mwepesi kama unyoya, kuna kishindo kidogo kama cha mbao. Kisha nikasikia pumzi. Yule mwanamume alimwinua msichana juu ya kichwa chake, akamshusha taratibu, na akatoa pumzi ndefu ambayo bila shaka watu wa juu hawakuisikia. Wacheza baleti hawasemi neno usiku mzima. Ile pumzi ilikuwa sauti yao pekee, nami nilikuwa nayo.

Nililipia kwa njia nyingine. Bwana wa mbele yangu alikuwa mrefu na mpana, na kwenye matukio ya sokoni, watu ishirini wakizunguka na panga zinalia, sikuweza kuona miduara inavyofungwa na kufunguka. Niliona visigino na vumbi. Mapumziko alinigeukia mwenyewe, akaomba radhi kwa kimo chake na kunipa kiti chake cha pembeni, yeye na mkewe wakasogea. Sikuwa nimelalamika.

Nilipotoka, New Briggate ilikuwa kavu kwa mara ya kwanza. Nilimwandikia mama ujumbe nikiwa bado nimesimama mlangoni: "Umechagua vizuri. Kutoka juu mtaona miduara yote. Mwambie mjukuu muziki unapotulia atege sikio, huenda akasikia viatu."

Siku ya 13, Jumatano

Treni ya kurudi pauni 29, ilifika kwa wakati, sina la kuongeza.

Kwa wanaopanga: tiketi tatu za maonyesho zilinigharimu pauni 112, chumba cha usiku saba pauni 322, treni zote pauni 69 baada ya ile fidia. Chakula sikukiandika kwa uaminifu. Ukiwa na fedha ya onyesho moja tu, chukua opera, roshani ya juu, katikati. Angalia ratiba ya msimu kabla ya kununua tiketi ya ndege, maana opera, baleti na michezo ya muziki hazichezwi wiki moja, ndiyo sababu mimi nilikaa siku nyingi hivyo.

Jumamosi ile, nikiwa London nafunga sanduku, simu ilitetemeka. Picha kwanza: mjukuu na kikopo cha aiskrimu, nyuma yake zile nguzo kama matete. Halafu sauti ya mama, anahema, watu wanapiga makofi nyuma yake.

"Mwanangu, ngazi ni mingi! Lakini tumefika."